Jibu, Mei 2020: Mchele umekwama Tunduma, Nakonde wamefunga

Habari dada. Umeuliza kwa nini Tunduma maduka yako wazi ilhali Nakonde upande wa Zambia, hatua chache tu, kumefungwa tangu Mei 11 kwa ajili ya corona, na mchele wako uko kwenye lori. Inauma sana, mji ni kama mmoja! Mimi nimeshusha magunia 40 hapo hapo. Amri ni ya Zambia, kwa hiyo kuwasihi maofisa wa upande wetu hakusaidii.

Kwanza fungua turubai. La kwangu lilitoa jasho ndani, magunia ya juu yakaanza kunuka uvundo. Shusha, weka ghalani juu ya chaga. Halafu mpigie wakala wa forodha, nyaraka zimefika wapi. Na dereva mtumie hela ya kula na blanketi, baridi ya Tunduma imeshaanza.