Goti limepoa, je, limepona?

SWALI: Daktari, nakusalimu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Kongwa. Mchezaji wangu wa netiboli, binti wa miaka 17, aliruka kudaka mpira tulipokuwa tukijiandaa kwa UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, akatua kwa mguu mmoja na kugeuka ili atoe pasi. Hakuguswa na mtu. Alisikia kitu kimelia ndani ya goti, akaanguka, na kabla ya jioni goti lilikuwa limevimba. Nyumbani walimkanda kwa maji ya moto, kisha wakamwita mama mmoja anayesifika kwa kuchua. Sasa ni wiki ya tano, uvimbe umekwisha, anatembea vizuri, na wazazi wanaona yuko tayari kucheza. Yeye analalamika kwamba akishuka ngazi goti linamtoroka. Je, nimruhusu arudi uwanjani?

JIBU: Usimruhusu kwa sasa, Mwalimu. Umetaja mambo matatu ambayo daktari wa mifupa akiyasikia kwa pamoja hufikiria kwanza kuchanika kwa kano ya mbele ya goti, yaani mojawapo ya nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa: mlio wakati wa kuumia, uvimbe uliojaa ndani ya saa chache, na goti linalotoroka baada ya maumivu kutulia. Uvimbe wa haraka namna hiyo mara nyingi ni damu iliyovujia ndani ya kiungo. Damu hiyo mwili huifyonza wenyewe baada ya wiki kadhaa, na hapo ndipo familia nyingi hudhani kazi imekwisha.

Goti hushikwa na kano kuu nne. Mbili ziko pembeni, moja upande wa ndani na nyingine upande wa nje, nazo hulizuia lisiyumbe kushoto na kulia. Mbili ziko katikati, zimepishana kama msalaba. Ile ya mbele huzuia mfupa wa muundi usichomoke kuelekea mbele, na hulituliza goti mtu anapogeuka ghafla. Kutoka bwenini hadi darasani kwa njia iliyonyooka hakuihitaji sana, na kwa hiyo mwendo mzuri wa binti huyo hauthibitishi lolote. Akirudi kuruka na kugeuka bila kano hiyo, goti litamtoroka tena, na kila linapotoroka linaweza kuchana gegedu mbili, yaani vipande vinyumbufu vinavyokinga mifupa isisuguane, zinazokaa kati ya mifupa, ambazo zikiharibika humkaribishia mtu maumivu ya kudumu ya goti mapema maishani.

Si ajabu kwamba hakuguswa. Sehemu kubwa ya majeraha ya kano hii hutokea bila kugongana, na netiboli ina mazingira yake: sheria humtaka aliyedaka mpira asimame karibu pale pale alipotua na kuutoa ndani ya sekunde 3, kwa hiyo mwili uliokuwa ukikimbia hulazimika kufunga breki kwa mguu mmoja. Mabinti huumia kano hii mara nyingi zaidi kuliko wavulana wanaocheza michezo ya aina hiyo hiyo. Nasikia walimu wengi wa huku kwetu wakilaumu viwanja vya udongo vilivyokauka wakati wa kiangazi, na sikatai kwamba uwanja una sehemu yake. Lakini mimi ningeangalia kwanza namna wachezaji wanavyotua, maana anayetua goti likiwa limenyooka au likiingia ndani yuko hatarini popote pale.

Kuhusu kuchua na maji ya moto, nasema bila kumlaumu mtu: katika siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu na uvimbe. Kinachofaa wakati huo ni kupumzisha mguu, kuufunga bandeji, kuuinua, na kuweka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20 kila mara.

Sasa mpelekeni hospitali ya wilaya ili apewe rufaa kuja Dodoma mjini, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au ya Benjamin Mkapa. Daktari mzoefu hugundua mengi kwa mikono yake tu, akilikunja goti kidogo na kuuvuta muundi mbele huku akilinganisha na mguu mzima. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, huthibitisha na kuonyesha kama gegedu nazo zimeguswa.

Wazazi wataogopa neno upasuaji, na ni vyema wajue kwamba si kila anayechanika kano hii hupasuliwa. Katika utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha vijana wazima 121, kundi moja lilianza kwa mazoezi ya tiba huku likiachiwa nafasi ya kupasuliwa baadaye. Baada ya miaka mitano karibu nusu ya kundi hilo hawakuwa wamehitaji kisu. Hata hivyo, kwa kijana anayetaka kurudi kwenye mchezo wa kuruka na kugeuka, au ambaye goti linaendelea kumtoroka, madaktari wengi hushauri kano itengenezwe upya kwa kutumia kipande cha kano nyingine ya mwili wake mwenyewe, kwa upasuaji wa matundu madogo. Kabla ya hapo goti liwe limepoa na linanyooka kikamilifu.

Upasuaji ni sehemu fupi ya safari. Kano mpya hulegea kwanza kabla ya kukomaa, kwa hiyo mgonjwa hujisikia mzima miezi mingi kabla goti halijawa tayari. Mtaalamu wa fiziotherapia ataanza na kulinyoosha goti na kuamsha misuli ya mbele ya paja, aje kwenye kuchuchumaa na kupanda ngazi, halafu mbio za mstari, na mwisho kuruka na kugeuka. Utafiti wa Norway na Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi wa kuchelewa kurudi mchezoni, hadi kufikia mwezi wa 9, ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa takriban nusu. Pamoja na kalenda, nguvu ya mguu ulioumia ifikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Msimu huu, Mwalimu, mhesabuni kuwa nje.

Timu iliyobaki ianze mazoezi kwa programu ya FIFA 11+, ambayo ingawa ilitungwa kwa ajili ya soka, hufundisha kutua na kusimama vizuri kwa dakika 20 hivi, bila kifaa cha gharama.

SWALI: Nacheza soka mtaani Dodoma. Nilikanyagwa ubavuni mwa goti, X-ray ikaonyesha hakuna tatizo, lakini upande wa ndani bado unauma. Wamekosea?

JIBU: Si lazima. X-ray huonyesha mifupa. Kano haionekani humo. Kano ya pembeni upande wa ndani ndiyo huumia kwa pigo la namna hiyo, na habari njema ni kwamba kwa kawaida hupona bila upasuaji, kwa kifaa cha kushikilia goti na mazoezi ya wiki kadhaa. Rudi upimwe kwa mikono. Goti likikwama, yaani likikataa kunyooka, nenda siku hiyo hiyo.