Anza na wasiozamia

Nairobi, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwenye simu: wewe na mumeo mna wiki moja ya likizo, mnataka kisiwa cha kuzamia, mtoto atakuwa ametimiza miaka miwili, na mama mkwe wako na shangazi wa mumeo wanakuja pia, na wao hawazamii. Ukauliza mtafute kwanza kituo cha mbizi au hoteli. Tafuteni ufuo kwanza. Nyinyi wawili mtakuwa chini ya maji kama saa mbili kwa siku, tena si kila siku. Saa zote zilizobaki ni za mtu wa miaka miwili na akina mama wawili wenye magoti yanayolalamika. Ufuo ukiwashinda hao, safari imekwisha Jumatatu.

Kwenye pwani yetu, wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka kwa karibu mita nne. Upande wa mashariki wa Unguja, kama Paje na Jambiani, maji yakipwa huondoka zaidi ya nusu kilomita, na kinachobaki ni mchanga wa tope, mawe na wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Mtoto hana pa kuoga na mama mkwe hana pa kutembea. Kendwa na Nungwi, kaskazini, ufuo unashuka upesi, kwa hiyo mtu anaoga saa yoyote. Ndiyo maana nawapeleka huko. Pemba ina kuta za matumbawe zinazowavuta wazamiaji, lakini mikondo yake ni mikali na fuo nzuri za kuoga ni chache. Mafia ni pazuri, hasa kwa papa nyangumi kati ya Oktoba na Februari, ila kwa kawaida mnapitia Dar es Salaam na kubadilisha ndege, na Ghuba ya Chole nayo maji yake huondoka. Hiyo iacheni mpaka mtoto ajue kuogelea.

Nendeni Oktoba. Kusi inakuwa imetulia, kaskazi haijaanza, bahari iko shwari pande zote mbili za kisiwa. Ulitaja Desemba, lakini mtoto wa miaka miwili hana shule, sasa bei ya Krismasi mnamlipia nani? Februari na Machi bahari ni nzuri pia, ila kwa miaka hii Ramadhani inaangukia hapo, na nje ya hoteli migahawa mingi hufungwa mchana. Aprili na Mei ni masika, msiende.

Ukishachagua mwezi wa kalenda, angalia mwezi wa angani. Chukueni wiki ambayo mwezi ni nusu, wakati wa maji mafu. Mkondo wa Mnemba, kisiwa kidogo cha kaskazini mashariki wanakopelekwa wazamiaji, unapungua, maji yanakuwa safi zaidi, na asubuhi karibu saa nne bahari imejaa, saa ambayo mtoto yuko na nguvu. Wiki ya bamvua ni kinyume: saa nne asubuhi maji yamekupwa, saa kumi jioni yamejaa. Kupanda boti Nungwi hakuna gati. Mnaingia majini mpaka mapajani kisha mnapanda ngazi. Mzazi mwenye goti bovu apandishwe maji yakiwa yamejaa, boti ikiweza kusogea karibu.

Sasa ratiba. Fikeni Jumamosi. Jumapili hakuna mbizi: mtoto anazoea kitanda na nyinyi mnakwenda kituoni kujaribu vifaa. Kama mna zaidi ya mwaka hamjazamia, ombeni mbizi ya kujikumbusha kwenye maji ya kina kifupi. Jumatatu anazamia mumeo, wewe uko na mtoto. Jumanne wewe, yeye yuko na mtoto. Jumatano pumzikeni. Alhamisi mnakwenda pamoja, lakini matumbawe ya karibu tu, si Mnemba, ili saa sita muwe mmerudi. Ijumaa ni ya wote, na asubuhi yake ni akiba iwapo bahari iliharibika Alhamisi. Jumamosi mnarudi.

Usihesabu kwamba bibi atamshika mtoto kila asubuhi kwa sababu hazamii. Amekuja likizo, hakuja uyaya. Mwombeni asubuhi moja, ile ya Alhamisi, na muombe kabla hamjalipia tikiti.

Asubuhi hiyo mwachieni simu yenye laini ya huko, pesa taslimu, jina la hospitali iliyo karibu (Kivunge ndiyo ya upande wa kaskazini), kadi ya bima, na karatasi yenye uzito wa mtoto na vipimo vya dawa. Andika wazi: panadol ya maji ya miligramu 120 kwa mililita 5, mtoto wa kilo 12 anapewa mililita 7.5, si zaidi ya mara nne kwa saa 24, akiachiwa saa sita kati ya dozi na dozi. Chupa nyingine zina nguvu tofauti, kwa hiyo bebeni hiyo hiyo mliyoiandika.

Kuhusu kurudi Nairobi, nisikilize hapa. Baada ya mbizi mwili umebaki na naitrojeni, na ukipanda juu haraka inageuka mapovu. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unasema msubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, angalau saa 18 baada ya mbizi za siku kadhaa, na zaidi sana kama mlihitaji vituo vya lazima vya kupunguza gesi mkipanda. Mimi nasema saa 24, hesabu nyepesi isiyo na ubishi. Mkitoka majini Ijumaa saa sita mchana na ndege ni Jumamosi saa nane, mko salama. Wengi hudhani wakizamia Diani wakarudi kwa treni wameikwepa sheria hii. Hawajaikwepa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwongozo huo unahusu kupanda kati ya mita 600 na 2,400. Treni inapanda polepole, lakini inawafikisha kule kule. Na mkishuka Syokimau mkaenda kwa babu Limuru siku hiyo hiyo, mmeongeza zaidi ya mita 400 nyingine.

Vifaa: beba miwani yako ya kuzamia, kwa sababu ya kukodi ikivuja hufurahii chochote. Kompyuta ya kuzamia, ile inayovaliwa mkononi kama saa, iwe moja kwa kila mtu, wiki nzima. Najua mtajaribiwa kukodi moja mbadilishane, kwa kuwa mnazamia siku tofauti. Hapana. Kompyuta inakumbuka mwili uliozamia Jumatatu. Ukiivaa Jumanne inapiga hesabu ya naitrojeni ya mumeo, na yeye Alhamisi anabaki bila hesabu yoyote. Kabla hujaruka majini vuta pumzi tatu nzito kwenye mdomo wa hewa huku macho yako kwenye geji. Mshale ukitulia kwenye bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo), sawa. Ukishuka kila unapovuta kisha ukarudi, mtungi haujafunguliwa wote, na kina cha mita 15 utakunyima hewa ingawa imejaa. Hewa ikinuka moshi au mafuta, rudisha mtungi.

Kituo chenyewe kiulizeni mambo machache kabla ya kulipa. Kuna oksijeni kwenye boti, na nani anajua kuitumia? Mwongozaji mmoja anachukua wazamiaji wangapi? Wanne ni vizuri, wanane ni soko. Chemba ya shinikizo, ile ya kutibu ugonjwa wa mapovu, inayofanya kazi leo iko wapi, na mgonjwa anafikaje huko usiku? Na mwisho: mtu akipata mafua, pesa zinarudi?

Swali hilo la mafua msiliruke. Kinachoharibu safari ya mzazi anayezamia mara nyingi si papa wala dhoruba, ni kamasi za mtoto. Anayatoa mafua kwa jirani, siku tatu baadaye ni yako. Pua ikiziba huwezi kusawazisha masikio, na ukilazimisha unaweza kupasua ngoma ya sikio. Dawa ya kufungua pua si jibu: inaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikanaswa kichwani wakati wa kupanda, na kupanda ni lazima. Kwa hiyo msinunue furushi la mbizi kumi. Lipeni siku kwa siku, hata kama kila mbizi itakuwa ghali kidogo.

Jambo jingine dogo: siku uliyozamia, usimbebe mtoto mgongoni kupanda ngazi. Kazi nzito baada ya mbizi inaongeza hatari ya mapovu. Chumba kiwe cha chini. Na kama kuna mimba, au mnaitafuta, huzamii kabisa mwaka huu. Kunyonyesha hakuna shida.

Mtoto msimpeleke kwenye boti ya kuzamia. Kivuli ni kidogo, mitungi inagongana, na majaketi okozi yaliyomo huwa ya watu wazima, ambayo mtoto wa kilo 12 anachomoka kwa chini. Jaketi lake linunuliwe hapa Nairobi: liwe na kola ya kushika kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu. Yale maboya ya kujaza upepo mikononi ni vichezeo.

Malaria: mtoto wa Nairobi hana kinga ya pwani. Muone daktari wiki nne kabla. Atovaquone-proguanil, dawa ya kuzuia malaria, ina vidonge vya watoto. Inaanzwa siku moja au mbili kabla, na kuendelea siku saba baada ya kurudi. Doxycycline hawapewi watoto wadogo, na wewe itakuongezea kuungua na jua. Mefloquine mkatae nyinyi wazamiaji, maana kizunguzungu chake kinafanana na ugonjwa wa mapovu. Mkirudi, homa yoyote ndani ya miezi mitatu ipimwe malaria, na mwambieni daktari mlikokuwa, la sivyo ataandika mafua.

Homa ya manjano ndiyo huzuia watu uwanjani. Ukitoka Kenya, Tanzania inataka cheti kwa kila aliyetimiza mwaka mmoja, na chanjo iwe na siku kumi. Kadi ya kliniki ya mtoto wa Nairobi kwa kawaida haina chanjo hii, usidhani alishachomwa. Wenye zaidi ya miaka 60 wamuone daktari kwanza, kwa kuwa hatari ya madhara ni kubwa kwao. Akikataa kuwachoma, atawaandikia barua ya msamaha. Mtoto awe na pasipoti yake, na akishatimiza miaka miwili analipiwa kiti. Kiti cha gari bebeni cha kwenu, maana kutoka uwanjani mpaka Nungwi ni kama kilomita 60 na teksi hazina. Nepi za kuogea na chumvi za kuharisha pamoja na zinki zitoke hapa pia.

Akina mama watakosa cha kufanya? Ijumaa wapelekeni Mji Mkongwe na kwa kobe wa Changuu, au kwenye mashamba ya viungo. Jozani kuna kima punju, na njia yake ya mbao haichoshi. Wakitaka kuona samaki bila kuzama, miwani na mrija kwenye maji ya kiunoni yanatosha, wakiwa wamevaa jaketi.

Pasipoti zikichelewa, Watamu, pwani ya hapa Kenya, haihitaji yoyote, na boti ya kioo itawaonyesha akina mama matumbawe wakiwa wamekaa. Tarehe za kusi na maji mafu ni zile zile. Chupa za plastiki za kutupa msibebe, zimepigwa marufuku kwenye hifadhi tangu Juni 2020.

Mpime mtoto uzito wiki hii unitumie, jaketi lake nitalitafuta mimi.

Mama yako