Bawa la Mbele Likivunjika

SWALI: Katika mbio za magari za Formula 1, kwa nini dereva aliyevunja ncha tu ya bawa la mbele hupitwa ovyo, ilhali injini ni nzima?

JIBU: Bawa hilo, kipande kipana cha bapa kilicho puani mwa gari, hukandamiza tairi za mbele na kuelekeza hewa chini ya gari. Likikatika, dereva anakata usukani lakini pua inazidi kwenda nje ya kona; tairi zinaburuzika, zinachemka, zinaisha mapema. Kona za polepole zina nafuu kidogo: mwendo ukipungua nusu, mkandamizo hubaki robo, kwa hiyo hata bawa zima halisaidii sana hapo. Kipande kinachoning'inia ndicho balaa, maana kikinasa chini ya magurudumu usukani haushiki. Mwaka 2022 dereva Kevin Magnussen alionyeshwa mara tatu bendera nyeusi yenye duara la chungwa, inayomwamuru dereva mwenye gari bovu la hatari aingie kulitengeneza, akalazimika kuingia kituo cha mafundi kubadilishiwa pua. La nyuma likivunjika, mkia ndio unaochomoka.