Mabaharia wa Pegasus Waliozikwa Chapwani

SWALI: Ndugu Mhariri, nilipotembelea kisiwa cha Chapwani, mkabala wa mji wa Unguja, niliona makaburi ya mabaharia wa Kiingereza waliokufa mwaka 1914. Nahodha wa mashua alitueleza kuwa meli yao ilizamishwa bandarini. Je, ni kweli? Na iliwezekanaje manowari kushindwa ikiwa bandarini kwake? – Msomaji, Mombasa.

JIBU: Nahodha wako alisema kweli. Meli hiyo iliitwa Pegasus, na alfajiri ya Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, ilikuwa imetia nanga Unguja kwa matengenezo ya mitambo yake, hivyo haikuweza kung'oa nanga na kuondoka upesi. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilitokea ghafla ikaanza kuishambulia kutoka mbali, na hapo ndipo palipokuwa na msiba wenyewe: mizinga ya Wajerumani ilifika mbali zaidi, ilhali makombora ya Pegasus yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui. Mabaharia wale hawakukosa ushujaa. Walibaki kwenye mizinga ambayo haikuweza kuwasaidia. Walikufa watu 38, wakajeruhiwa 55, na meli, ingawa ilivutwa kuelekea kwenye fungu la mchanga, ilizama siku hiyo hiyo.

Makaburi ya Chapwani hayakuanza na vita hivyo. Yupo pale pia Kapteni Brownrigg wa meli London, aliyeuawa mwaka 1881 karibu na Pemba alipokuwa akizuia jahazi la watumwa. Kwa maoni yangu, wanaowapeleka wageni kisiwani kuogelea wanapaswa kuwasimulia habari hizi kabla ya kushuka mashuani, kwani mgeni asiyejua aliyelala pale hupita makaburini kama anayepita kwenye mawe matupu.

Königsberg nayo ilijificha katika delta ya mto Rufiji, ikazingirwa kwa miezi mingi, na mwisho wake ukafika tarehe 11 Julai 1915. Wajerumani waliiopoa mizinga yake wakaitumia katika vita vya nchi kavu, kama Waingereza walivyoiopoa ile ya Pegasus. Kwa kuwa unaishi Mombasa, huna haja ya kuvuka bahari ili kuiona: mzinga mmoja wa kila meli umewekwa Fort Jesus.