Mpigie Wiki ya Tatu

Nilianza kazi ya zimamoto wakati vikosi vikiwa bado chini ya halmashauri, kabla ya sheria ya 2007 kutuweka sote ndani ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mtaani walituita watu wa faya. Tukirudi kutoka kwenye tukio tuliosha mipira, tukaianika, tukajaza gari maji, tukaandika taarifa. Kila kifaa kilikaguliwa isipokuwa mtu aliyekishika.

Na mimi nilichangia hilo. Usiku mmoja tulitoa mtoto kwenye nyumba iliyoungua, akiwa ameshafariki. Kijana aliyembeba alikuwa na mtoto wa umri uleule nyumbani kwake. Nilimkuta ameinama nyuma ya gari, nikamwambia, "Jikaze, wewe ni askari." Sikuongeza neno. Mwaka haukuisha alikuwa analewa hata siku za zamu, kisha akaacha kazi. Sijui kama maneno mengine yangemsaidia, ila yale yangu yalimfunga mdomo, na nimestaafu nayo.

Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, na moto kulipuka watu wakiwa wanachota petroli, nilishakuwa raia. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha, wengine palepale, wengine baada ya siku nyingi za mateso hospitalini. Idd el-Hajj ilikuwa mlangoni. Kama wiki tatu baadaye alinipigia koplo mmoja niliyewahi kuwa naye kituo kimoja. Akaulizia afya yangu, akaulizia mahindi, kisha kimya. Halafu: "Mzee, siku ya Idd mkweo alileta nyama mezani, nikatoka nje kutapika. Mpaka leo sipiti penye jiko la nyama choma."

Simu ile ndiyo iliyonifundisha mambo ya muda. Siku ya tukio kila mtu yupo: viongozi wanafika, "pole na kazi" ni nyingi, mwili wenyewe bado uko kazini. Usingizi unakataa baadaye, kelele zikishaisha na magazeti yakishahamia habari nyingine. Wakati huo hakuna anayepiga simu. Kwa hiyo wewe mpigie askari aliyekuwa kwenye tukio wiki ya tatu, kisha piga tena mwezi wa pili. Wengi hupata nafuu wenyewe wakiwa na watu wa karibu, lakini dalili zikivuka mwezi bila kupungua, hapo anahitajika mtaalamu.

Ukimpata, usimuulize aliona nini. Tunauliza hivyo kwa nia njema, lakini tunamrudisha kulekule. Hata Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba mtu asishinikizwe kusimulia yaliyompata. Mimi huanza na usingizi. Unalala saa ngapi? Ukishtuka usiku unafanya nini? Askari anajibu maswali hayo bila aibu kwa sababu hayamgusi heshima yake. Kutoka hapo mengine huja yenyewe: chakula hakipiti, bia zimeongezeka, anawafokea watoto, mlango ukibamizwa anaruka.

Msiwasahau wasiotajwa kwenye pongezi. Kuna dereva anayebaki na pampu, anasikia kila kitu na hawezi kuondoka pale. Kuna anayepokea simu za 114, namba ya dharura ya zimamoto, anayesikia mama akipiga kelele kisha laini inakatika, na baada ya sekunde chache simu nyingine inaita. Na jengo lilipoporomoka Kariakoo, tarehe 16 Novemba 2024, waokoaji walizungumza na watu waliofukiwa chini, wakawapelekea maji na hewa. Sauti uliyoijibu jana ikinyamaza leo, huiachi kituoni pamoja na sare.

Kikwazo kigumu kuliko vyote nilivyokutana navyo ni neno Mirembe. Hospitali ile ya magonjwa ya akili ya Dodoma imehudumia wagonjwa kwa miongo mingi, lakini mtaani tumeligeuza jina lake kuwa tusi. Askari anaogopa kwamba akionekana kwenye mlango wa daktari wa akili, atasemwa, atanyimwa kozi, cheo kitampita. Huwezi kuiondoa hofu hiyo kwa kumwambia asiogope. Mimi nilimsindikiza koplo wangu hospitali ya mkoa. Tulikaa benchi moja asubuhi nzima, na siku ya pili ya kliniki nikaenda naye tena. Ya tatu alikwenda peke yake.

Hapo ndipo sisi wastaafu tuna nafasi ambayo mkuu wa kituo hana, hata awe na huruma kiasi gani. Sisi hatuandiki taarifa ya mtu. Hatupendekezi uhamisho. Kijana anayeniita afande mpaka leo anajua sina tena uwezo wa kumfanya lolote, ndiyo maana anasema.

Siku akikwambia, "Mzee, nimechoka na haya maisha," usibadilishe mazungumzo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo. Akikubali, usimwache peke yake usiku huo. Nenda kwake, zungumza na mtu wa nyumbani anayemwamini, mfikisheni hospitali. Dua pia tutaomba. Mimi ni mtu wa sala na siipuuzi, lakini tutaiomba tukiwa naye njiani kuelekea kwa daktari.

Na ukipita kwao, msalimie mke wake kwa utulivu, mpe muda. Yeye ndiye anayejua ni saa ngapi taa ya sebuleni huwaka usiku.

Koplo wangu bado yuko kazini. Nyama ya kuchoma hajarudi kula. Tukikutana naagiza samaki, na tunakula mpaka jioni.