Chagua Mnyama Kwa Kuangalia Mikono ya Mtoto

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia kuwa mwanawe wa miaka 2 "hana mkono wa sanaa". Alimpa picha ya tembo aipake rangi, mtoto akaichana vipande vipande, akacheka, akaenda zake. Ujumbe ule uliniuma, kwa sababu nimeshasikia maneno ya aina hiyo yakisemwa juu ya mtoto wangu mwenyewe.

Mama, mwanao alikuwa anakuonyesha kazi anayoiweza. Kuchana karatasi ni kazi kubwa kwa vidole vya umri huo: mkono mmoja unabana, mwingine unavuta, na mikono hiyohiyo ndiyo itakayokuja kushika mkasi. Basi mpe mnyama wa kuchanwa. Kata duara la boksi, paka gundi ya unga pembezoni, mwachie magazeti ya zamani. Kila kipande atakachochana kinakuwa manyoya ya shingo ya simba.

Hili nalisimamia: mnyama huchaguliwa kwa kutazama mikono ya mtoto inapenda nini. Picha iliyokupendeza wewe isubiri. Anayependa kudonoadonoa kwa kidole, mkatie umbo la ndege kanga kwenye karatasi nyeusi, mpe rangi nyeupe. Anayeburuza kalamu huku na huko, huyo ana pundamilia tayari.

Binti yangu alikuwa na miaka 3 alipotengeneza simba wa magazeti huko chekechea. Nilipokwenda kumchukua niliyaona macho yote mawili yako upande mmoja, karibu na sikio. Akanieleza kuwa simba anachungulia. Nilifurahi mno! Siku wazazi tulipoalikwa kutazama kazi za watoto, macho yalikuwa yamebanduliwa na kubandikwa katikati, na mdomo umechorwa na mtu mzima. Simba wote ukutani walifanana. Binti yangu aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaniuliza wa kwake yuko wapi. Mwalimu alikuwa na nia njema, sina shaka. Lakini miaka imepita na swali lile bado linanichoma. Kwa muda mrefu baada ya hapo, kila alipochora alinisogezea kalamu: "Malizia wewe, mama."

Kilichomrudisha ni unga. Vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi, maji kama kikombe 1, ukande mpaka usishike mikononi. Alisokota nyoka. Nyoka akizungushwa anakuwa konokono. Hilo aligundua peke yake, akalirudia mpaka meza ikajaa konokono, na mimi sikutia kidole. Leo anachora kinyonga bila kuniuliza chochote, na ninajivunia hilo kuliko alama zozote za darasani. (Angalia tu asiule unga huo, na usiuache mbwa anapoufikia. Chumvi ile ni nyingi.)

Mkasi wenye ncha butu unaweza kuanza akiwa na miaka 3 hivi, ukiwa umekaa naye. Pweza ndiye mwalimu mzuri hapo: bomba la karatasi ya chooni, mtoto anakata kutoka ukingo wa chini kwenda juu, mikono inajitokeza. Bomba hilohilo ni kipimo chako cha usalama. Kitu chochote kinachopita ndani yake, iwe kifungo, shanga au yale macho ya plastiki, kisikae mezani na mtoto wa chini ya miaka 3, maana kinaweza kumkaba. Macho yachorwe.

Wazazi wenzangu, tuache kusahihisha wanyama wa watoto. Kama unataka ajue buibui ana miguu 8 na siafu ana 6, mwangalieni mdudu mwenyewe kabla ya kazi, mhesabu pamoja. Akishabandika miguu 11, huyo ni buibui wake, na mkono wako ukae mbali. Watoto wengi wa miaka 3 au 4 huchora kichwa kinachoota miguu moja kwa moja, bila kiwiliwili. Kiwiliwili kitakuja. Usimuulize "Hii ni nini?" kana kwamba ameshindwa. Mwambie "Nieleze habari za huyu", kisha andika maneno yake nyuma ya karatasi, kama alivyoyasema, pamoja na tarehe.