Mnasihi mpya, bosi wako asiwe ndo supavaiza wako

Wengi wanaomaliza ushauri nasaha chuoni wakishapata kazi wanamchukua supavaiza (mnasihi mzoefu wa kumpelekea kesi zako mzijadili) aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mkuu wa kitengo. Mi nimeanza hivohivo, na bosi wangu alikuwa mtu mwema tu, ila yeye ndo anajaza tathmini yangu na yeye ndo anapendekeza nani aongezewe mkataba, sasa hapo utamwambiaje kwamba kuna mama alilia saa nzima na we ulikuwa unaomba tu muda uishe? Husemi. Unampelekea zile kesi zilizoenda vizuri, mnapongezana, mnakunywa chai, mnaagana.

Kwa wenzetu Marekani supavaiza anakusainia masaa uliyofanya kazi chini ya uangalizi, na ni maelfu ya masaa kabla hujapewa leseni kamili. Uingereza chama chao cha wanasihi, BACP, kinataka wanachama wake wenye ithibati wakae na supavaiza angalau saa moja na nusu kila mwezi hata kama wameshazeeka kwenye kazi. Ofisi nilizopitia mimi hakuna anayekuhesabia, kwa hiyo ni juu yako mwenyewe kumtafuta mtu asiyeshika mshahara wako. Bosi mwachie ripoti na ratiba.

Afu kuna hili la mji wetu. Dodoma ni jiji tangu 2018, wizara zimehamia, ila watu bado ni walewale, mteja wako wa mtaa wa Kisasa unakuta anaimba kwaya moja na supavaiza wako au wanakaa ofisi moja kule Mtumba kwenye mji wa serikali. Kwahiyo siku ya kwanza kabisa muulize, nikileta kesi ya mtu unayemfahamu tunafanyaje? Akikujibu "usijali, mi siongei", mshukuru uendelee kutafuta. Unayemtaka atakwambia majina hayatajwi, kijiji na cheo unabadilisha, na akishamtambua mtu anakusimamisha hapohapo na ana mwenzake wa kukupeleka kwa kesi hiyo.

Swali lingine, na hili usiliruke, ni la mtu anayetaka kujiua. Kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, na familia zinalijua hilo kuliko tunavyodhani, ndo maana utasikia "alikunywa dawa ya panya kwa bahati mbaya". Muulize yeye alishawahi kukaa na kesi kama hiyo, alimpigia nani, aliandika nini kwenye faili, na we ukimpigia saa nne usiku atapokea? Vilevile familia inayogoma kabisa kumpeleka mtu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, maana jina lenyewe mtaani limeshakuwa tusi, na ndugu wanaona bora aanze kwa mganga au kwenye maombi. Supavaiza anayesema tu "wape rufaa" hajawahi kukaa kwenye mkeka na hao wazee. (Kama anaelewa Kigogo, hiyo ni bonasi.)

Mlioko Mpwapwa, Kondoa au Manyoni msikate tamaa, kwa simu inawezekana, mi nilikaa na mtu wa Dar muda mrefu tu, bando likiisha tunamalizia kwa kupigiana kawaida, na tangu treni ya SGR ianze 2024 kuonana uso kwa uso sio safari ya kuumiza mgongo tena. Hakikisha tu upo chumba chenye mlango, sio kibarazani.

Hela ongeeni mapema, ukishazoeana na mtu inakuwa ngumu. Kama hamuwezi kila mmoja peke yake, tafutaneni watatu wanne mlipie kikao cha pamoja, wengine wanakubali. Na msiandikishane mwaka mzima, kaeni miezi mitatu kwanza, tarehe ya kutathmini muiandike kabisa, hapo hata kama unataka kuondoka unaondoka bila kumkosea heshima mkubwa wako.